Sindano ya Mchungwa

Kidawa alilisukuma bomba la sindano kwa kidole gumba, polepole, kama alivyozoea kuwachoma watoto wachanga chanjo zao, kisha akasubiri. Mti haukulia. Hilo lilikuwa likimshangaza kila mara: kumchoma sindano kiumbe asiyekunja uso. Maji ndani ya bomba yalitulia tuli kwa muda, halafu, kama vile mchungwa umekumbuka kiu yake, yakaanza kushuka. Kidogo. Kidogo tena.

"Unakunywa," alisema.

Haruna, mdogo wake, alikuwa amechuchumaa kando na keekee aliyotobolea gome la mti. Alipangusa unga wa mbao uliobaki kwenye ncha ya keekee. "Unakunywa nini?"

"Hilo sijui."

"Wewe ndiye unayeuchoma."

"Nauchoma. Lakini sijui."

Bomba lilipokwisha alilichomoa, akaziba tundu kwa donge la nta, akalikandamiza mpaka likawa sawa na gome. Kwenye tawi la chini la mti huo kulikuwa na utepe mweupe. Mti wa jirani yake ulikuwa na utepe wa buluu. Shamba zima, kutoka nyumbani kwa Haruna mpaka kwenye korongo, lilikuwa limevalishwa tepe hivyo, buluu na nyeupe, na wapita njia waliokuwa wakienda Milola sokoni walisimama na kuuliza kama kuna arusi.

Kidawa hakuwa mkulima wa michungwa. Shamba lilikuwa la mdogo wake, naye alirithi kwa baba yao, marehemu Mzee Abdulrahmani. Yeye alikuwa mhudumu wa zahanati ya kijiji. Alianza kazi angali msichana, akifua mashuka na kuchemsha vyombo, na nesi mmoja baada ya mwingine akamwachia kazi zaidi kidogo, hata ikafika wakati akina mama wakawa wanapanga foleni ya kwake kwa sababu mkono wake hauumizi. Kisha serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi. Neno lenyewe lilikuwa hilo, "kupunguzwa", kana kwamba mtu ni chumvi iliyozidi kwenye mchuzi. Kidawa alipunguzwa. Alirudi nyumbani na gauni lake la kazi la buluu, akalivaa kupalilia mihogo mpaka likachanika mabegani.

Mambo mengi yalikuwa yakibadilika miaka ile. Ghala la chama cha ushirika, lililokuwa likijaa korosho mpaka mlangoni, lilibaki na popo. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao, mwaka huu wakaja, mwaka uliofuata wasionekane. Haruna alichoka kuwasubiri. Aliipa mikorosho kisogo, akaweka moyo wake wote kwenye machungwa, maana malori kutoka Dar es Salaam yalianza kupanda mpaka huku kwenye mteremko wa Rondo, ambako asubuhi kuna ukungu na machungwa huwa na maji mengi. Miti mingi aliibebesha mwenyewe, akiunganisha kwenye miche vikonyo alivyokata kwenye mti mmoja mkubwa uliokuwa mbele ya nyumba. Ule aliupanda baba yao. Wenyewe waliuita mti wa baba, na machungwa yake hayakuuzwa. Yalikuwa ya wageni na wagonjwa.

Ugonjwa uliingia kimyakimya. Kwanza majani yakapata manjano ya mabaka, upande mmoja wa jani usifanane na wa pili. Halafu matunda yakawa madogo, yamepinda, juu yameiva, chini yamebaki mabichi. Ukiyamenya, machungu. Bwana shamba alikuja na baiskeli yake, akazunguka, akatingisha kichwa. Alisema ni bakteria, wanaletwa na kidudu kidogo kama chawa anayefyonza majani machanga, wakishaingia ndani ya mti hawatoki. Dawa haipo. Miti ikatwe, ichomwe moto, la sivyo shamba hili litaambukiza mengine yote mpaka Milola.

Haruna alikuwa tayari ameshanoa shoka wakati Dativa alipofika.

Dativa alikuwa mtafiti wa maradhi ya mimea, Mmakonde wa Newala, mwanamke kijana mwenye nywele fupi na gari lililojaa vumbi. Siku ya kwanza watu walisikia anaitwa daktari, basi mama mmoja akamletea mtoto mwenye homa. Dativa alimpeleka mtoto zahanati kwa gari lake, ndipo akarudi shambani. Alimwomba bwana shamba muda mpaka mwisho wa masika. Miti itakayopona ibaki. Itakayobaki na ugonjwa, Haruna aikate mwenyewe bila kuambiwa tena. Wote watatu walikubaliana hapo hapo chini ya jua, wakashikana mikono.

"Nahitaji mtu mwenye mkono mtulivu," alisema Dativa.

"Yupo," Haruna alijibu. "Ila amezoea watu."

Siku ile ile Dativa aliwaeleza. Alikaa kwenye kigoda uani, akachora mti kwa kijiti mchangani, na ndani ya mti akachora mishipa. Bakteria wanakaa humu, alisema, kwenye mishipa inayoshusha chakula kutoka kwenye majani. Ukipulizia dawa kwa nje haiwafikii. Ndiyo maana ya sindano.

"Na dawa yenyewe?" Kidawa aliuliza.

"Shikamoo, Mama Fauzia, sikukuamkia vizuri nilipoingia," alisema Dativa, kwani ndivyo majirani walivyomwita Kidawa, kwa jina la binti yake aliyeolewa Mtanda, mjini Lindi.

"Marahaba. Dawa yenyewe ni nini?"

Dativa akacheka. "Umeshawahi kumtazama chura vizuri?"

"Namtazama ili nisimkanyage."

"Chura anaishi kwenye tope. Hana manyoya, hana magamba, ngozi yake laini kama ya mtoto. Anajikwaruza kwenye miba, anaingia tena kwenye maji machafu. Kidonda chake hakiozi. Kuna watu walijiuliza kwa nini. Wakakuta ngozi yake inatoa vipande vidogo vidogo vya protini, vinaitwa peptidi. Vikimkuta bakteria vinamtoboa ganda lake. Anavuja mpaka anakufa."

Kidawa aliukodolea macho mti uliochorwa mchangani. "Na chura mwenyewe havimtoboi?"

"Ganda la bakteria si kama letu, wala si kama la chura. Vinalitambua."

"Vinalitambuaje?"

Dativa alianza kujibu, akasita, akaanza tena upya. Alieleza mpaka chai ikapoa. Kidawa hakuelewa yote, ila hakutaka yaishe. Miaka yote zahanati alichoma dawa asizoambiwa zinafanya nini zikishaingia. Aliziona zikipotea chini ya ngozi za watu, basi. Leo mtu alikuwa amemfungulia mlango, amemwonyesha na uani.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Haruna hakulipenda. Dativa alileta chupa za aina mbili, zenye vifuniko vya buluu na vyeupe. Aina moja ni peptidi, zilizotengenezwa maabara kwa kuiga zile za chura. Aina nyingine ni maji yenye chumvi kidogo, basi.

"Zipi ni zipi?" Haruna aliuliza.

"Sijui."

"Daktari hujui dawa yako mwenyewe?"

"Aliyezifunga anajua, naye yuko mbali. Nikijua, nitaona ninachotaka kuona. Nitakwenda kwenye mti wenye dawa nikiwa na furaha, nitasema majani yake yamekuwa kijani hata kama bado."

Haruna aliona ni mchezo wa watoto, lakini shoka lilikuwa pale pale ukutani, na huo mchezo ndio peke yake uliokuwa ukilizuia. Walikata karatasi, wakaziandika rangi, wakazitia kwenye kofia yake. Kila mti ukachukuliwa karatasi. Ya mti wa baba, Haruna alitaka aichukue yeye mwenyewe. Alisema bismillahi, akatia mkono, akatoa nyeupe.

*

Chupa zilihifadhiwa kwenye friji ya mafuta ya taa ya zahanati, pamoja na chanjo. Kila mwezi Kidawa alikwenda kuzichukua kwa nesi Tekla. Zamani ufunguo wa friji ile ulining'inia shingoni mwake yeye. Tekla, ambaye alikuja baada ya Kidawa kupunguzwa, aliona haya kumfungulia, akawa anampa ufunguo mwenyewe na kujifanya ana kazi chumba cha pili. Kidawa alipenda adabu ile. Alizitoa chupa, akazipanga kwenye kasha la barafu, akalitia kasha kwenye kapu, kapu kichwani, akapanda nalo mteremko.

Kazi zake zilikuwa mbili: kuchoma sindano, na kutazama majani. Dativa alikuwa amefunga uzi kwenye matawi kadhaa ya kila mti, na Kidawa alipaswa kueleza majani mangapi ya uzi ule yana manjano na mangapi yamepona. Aliipenda kazi ya pili kuliko ya kwanza. Alijifunza kulitazama jani dhidi ya jua, mishipa yake ikaonekana kama njia za miguu ukiwa juu ya kilima. Aligundua kwamba jani lenye njaa ya mbolea huwa manjano sawasawa pande zote, na jani lenye ugonjwa halina mpango. Alijikuta akitazama majani ya kila kitu, ya mpapai, ya mbaazi, hata ya mchicha sokoni, mpaka wauzaji wakamuuliza ananunua au anakagua.

Ilikuwa mwezi wa tatu, au labda wa nne, masika yameanza na njia imejaa utelezi, alipoteleza pale kwenye korongo. Hakuanguka, ila kapu lilitikisika vibaya. Akalishusha haraka kuona kama kuna chupa iliyovunjika. Hakuna. Lakini kwenye chupa za kifuniko cha buluu, juu ya maji, kulikuwa na povu, jepesi, la vipovu vidogo vilivyoshikamana. Kwenye chupa nyeupe maji yalikuwa yametulia.

Alichukua chupa moja ya kila aina, akazitikisa zote kwa nguvu sawa, akaziweka juu ya jiwe. Nyeupe ilitoa vipovu vichache vikapasuka. Buluu iliendelea kubeba povu lake.

Alikaa pale kwenye jiwe na mvua ikimnyea.

Angeweza kuliacha lile jambo pale. Baadaye alijiuliza kwa nini hakuliacha. Povu linaweza kuwa sabuni iliyobaki kwenye chupa, alijiambia. Linaweza kuwa chochote. Na ile "chochote" haikumpa usingizi wa mchana. Siku ya pili alipika uji mwepesi wa mtama, akautia kwenye visahani viwili, na masalia yaliyobaki kwenye mabomba, matone kadhaa tu ambayo kwa kawaida aliyamwaga, akayatia, ya buluu kwenye kisahani kimoja, ya nyeupe kwenye kingine. Akavifunika kwa kawa, akavisogeza mbali na kuku.

Kesho yake alfajiri uji wa nyeupe ulikuwa umeanza kuchacha. Alipeleka pua kwenye wa buluu. Ulinukia mtama.

Mwezi uliofuata alirudia, maana mara moja inaweza kuwa bahati. Ikawa vile vile. Kidawa aliwamwagia kuku uji wote, akaosha visahani, akavianika. Alikuwa anajua sasa. Na furaha ya kujua ilimkaa kifuani kwa muda wa kuosha visahani viwili, kisha akainua macho, akauona mti wa baba mbele ya nyumba na utepe wake mweupe umelowa mvua.

*

Dativa alipokuja, Kidawa alimsubiri ashuke garini, amkaribishe, ampe maji.

"Daktari, nina neno. Nafikiri nimejua chupa ipi ndiyo..."

"Usiniambie." Dativa aliinua kiganja mbele ya uso wake kama mtu anayezuia jua.

"Sikukusudia mabaya. Ni vile njiani..."

"Usiniambie hata ulijuaje, Mama Fauzia. Tafadhali. Ukiniambia ulijuaje, na mimi nitajua."

Wakatazamana. Kidawa alikuwa amejiandaa kugombezwa, hata kufukuzwa. Hakuwa amejiandaa kunyamazishwa. Alikuwa na jambo zuri kuliko yote aliyowahi kuyagundua maishani mwake, na mtu pekee ambaye angelielewa alikuwa amejikinga uso asilisikie.

Dativa alizunguka shamba mara moja peke yake, mikono nyuma. Aliporudi alikuwa amekwisha kuamua.

"Kutazama majani nitamwomba Mwalimu Nikodemu wa shule ya msingi. Yeye hajui kitu. Macho yako yameshajua. Si kosa lako, lakini hayawezi kusahau."

"Na sindano?"

"Sindano uendelee. Sina mkono mwingine kama wako." Alisita. "Mikono nayo inaweza kushawishika. Hapo sina la kufanya. Nakuamini tu."

Kidawa aliitikia kwa kichwa. Kunyang'anywa majani kulimuuma kuliko kupunguzwa zahanati. Mwalimu Nikodemu alikuja Jumamosi, na miwani yake na chaki mfukoni, akasimama chini ya miti akihesabu kwa sauti kama yuko darasani, na Kidawa alikaa uani akichambua mchele, akijizuia kuinua kichwa.

Haruna hakuwa mjinga. Aliona mwalimu amepewa kazi ya dada yake na akamfuata jikoni baada ya sala ya alasiri.

"Umekosana na daktari?"

"Hatujakosana."

"Basi kwa nini Nikodemu?"

Kidawa aliendelea kupepeta. Kuna watu wanaoweza kumdanganya ndugu yao bila kutikisika, yeye hakuwa mmoja wao.

"Unajua," Haruna alisema taratibu. "Umejua dawa ni ipi."

"Haruna, usiniulize."

"Sikuulizi kwa ajili ya shamba zima. Nakuuliza mti mmoja tu. Mti wa baba una dawa au hauna?"

"Usiniulize, mdogo wangu."

"Mimi ndiye niliyetoa ile karatasi. Kwa mkono wangu huu." Aliutazama mkono wake. "Dada, mti mmoja. Nani atajua? Daktari amesema mwenyewe hajui. Uuchome ya buluu na ya nyeupe pia, tepe zibaki hivyo hivyo. Dawa iwe ipi, utakuwa umeujaribu."

Kidawa akaurusha ungo tena. Haruna alisubiri, kisha akatoka.

*

Sindano ya mwisho iliangukia siku isiyo na mvua, jua limetoka kwa nguvu na ardhi inafuka mvuke. Walianzia juu, karibu na korongo, wakashuka. Haruna alitoboa, Kidawa akachoma. Walipofika mbele ya nyumba ulikuwa umebaki mti wa baba peke yake. Majani yake ya juu yalikuwa mabaka matupu.

Haruna alitoboa tundu, akarudi nyuma.

Kidawa alifungua kasha. Mkono wake ulikwenda kwenye chupa ya kifuniko cha buluu. Hakuuambia uende. Alichomeka sindano, akavuta, bomba likajaa. Alipiga bomba kwa ukucha, vipovu vikapanda, akauelekea mti.

Alisimama hapo na sindano mkononi. Alikuwa anamwona baba yake amekaa na kisu kidogo na kipande cha mgomba uliokauka, akifunga kikonyo. Alikuwa anamsikia Haruna anavyopumua nyuma yake. Alijua vizuri sana anachotakiwa kusikia mtu aliyesimama mahali kama hapo: sauti ya Dativa ikisema nakuamini. Na aliisikia. Lakini chini ya sauti ile kulikuwa na kitu kingine, na alipokitazama alishtuka. Alitaka kuona. Uji alikuwa ameuona, mti bado. Kama angeuchoma mti huu buluu, ukapona, au usipone, hakuna ambacho angejua kwa hakika tena, si kwa mti huu wala kwa ile mingine. Angekuwa ametia mkono wake ndani ya chungu na kukoroga. Alitaka kuona peptidi zinafanya nini ndani ya mishipa ile, hata kama bei yake ni mti wa baba. Hakujua alikuwa mtu wa namna hiyo.

Aliirudisha dawa ndani ya chupa ya buluu. Akachukua bomba jingine. Akafungua nyeupe.

"Basi umeshanijibu," alisema Haruna.

Kidawa aligeuka. Haruna aliitazama chupa ya buluu, kisha nyeupe iliyo mkononi mwa dada yake. Aliweka keekee chini kwa uangalifu, kama kitu cha kuazima, akaingia ndani.

Kidawa aliuchoma mti maji ya chumvi. Ulikunywa yote.

*

Dativa alirudi masika yalipokwisha. Alikuwa na hesabu za Mwalimu Nikodemu, na safari hii alikuwa pia na jibu kutoka kwa yule aliyezifunga chupa. Alimkuta Kidawa peke yake uani, akakaa kwenye kigoda kile kile.

"Ni buluu," alisema.

"Ndiyo," alisema Kidawa.

Miti ya buluu mingi ilikuwa imetoa majani mapya, kijani kilichokolea, na kwenye mmoja au miwili kulikuwa na maua. Miti ya nyeupe yote ilikuwa imezidi kuugua. Lakini Dativa hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Alimchukua Kidawa mpaka kwenye mti wa buluu ulio karibu, akalivuta tawi la chini. Kwenye majani machanga kabisa, manjano ilikuwa imeanza upya, baka moja hapa, moja pale.

"Wameanza kurudi," Kidawa alisema.

"Peptidi hazidumu. Mti unazimeng'enya kama chakula. Zikiisha, wale bakteria wachache waliojificha wanazaliana tena. Inabidi tutafute namna ya kuzifanya zikae." Aliliachia tawi. "Au mti wenyewe ujitengenezee. Kuna watu wanalifikiria hilo."

"Mti ujitengenezee ngozi ya chura?"

"Kitu kama hicho."

Kidawa alilitazama lile tawi kwa muda mrefu. Dativa akamgusa bega.

"Sasa niambie. Ulijuaje?"

Kidawa alimweleza povu. Dativa akapiga paji la uso wake. Maabara wanalijua povu hilo, alisema, ila hakuna aliyefikiria njia ya Milola ingeweza kulitikisa namna ile; safari nyingine watazitia zote kitu cha kutoa povu. Kidawa akaeleza uji. Hapo Dativa akauliza ulikuwa uji wa nini, na ulifunikwa na nini, na kwenye kivuli au juani, na Kidawa akajibu kila swali, mengine kabla hayajamalizika, mpaka wote wawili wakawa wanaongea kwa pamoja.

Dativa aliondoka jioni. Alisema atarudi kama wakubwa wake watamruhusu. Kidawa alilijua neno "kama" tangu zahanati.

Haruna hakumsubiri bwana shamba. Asubuhi iliyofuata aliuanza mti wa baba, kwa sababu alisema akianzia mwingine hataufikia. Hakutaka msaada. Kidawa alikuja hata hivyo, na panga, akawa anachanja matawi yaliyoanguka na kuyarundika. Walifanya kazi mpaka adhuhuri. Waliposhindilia majani makavu chini na kuwasha, moshi ulitoka mzito wenye harufu ya maganda ya chungwa, ukaingia kwenye nguo na nywele na chakula cha wiki nzima. Haruna alisimama upande mmoja wa moto, Kidawa upande mwingine. Siku zilizofuata Haruna alipita mbele ya mlango wa dada yake akienda shambani, akasalimu kama anavyomsalimu jirani, akapita.

Kidawa hakumkasirikia kwa hilo; Haruna alikuwa na haki. Mara moja tu, akiwa anaosha miguu, Kidawa alijaribu kutafuta ndani yake majuto, kama mtu anayepapasa jino kwa ulimi. Alikuta huzuni nyingi. Majuto hakuyapata, na alikaa na hilo pia, akilishangaa.

Mvua za vuli zilikuwa karibu wakati Haruna alipokuja tena nyumbani kwa dada yake. Aliingia kutoka upande wa mashamba ya chini, jembe begani, na mkononi ameshika shina la muhogo lililokatwa, majani yake yamelegea. Alisimama penye mlango wa ua.

"Dada."

"Karibu, Haruna."

"Hii nimeikuta kule chini. Siyo yote, ni mstari mmoja tu." Alimpa lile shina. "Majani yanafanana na yale ya michungwa, lakini siyo. Tazama hapa. Manjano inafuata mshipa."

Kidawa alipangusa mikono kwenye kanga, akalipokea. Alilipindua jani, akaliinua dhidi ya jua. Haruna akaja akasimama nyuma ya bega lake ili naye aone.

"Ni kitu gani?" aliuliza.

"Sijui," alisema Kidawa.

Alivuta kigoda cha pili kwa mguu bila kuondoa macho kwenye jani. Haruna alishusha jembe, akakaa. Kidawa alipitisha ukucha kwenye gome la shina, kutoka juu kwenda chini, akalibandua taratibu, na wote wawili wakainama kutazama kilichokuwa ndani.